Tunapimaje mzigo wa mazingira unaotokana na matumizi ya watu wa Kigoma, mpaka diwani aweze kufanyia kazi?

BintiKibirizi ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Wadau wa takwimu na mazingira naombeni mawazo yenu, hili jambo linaninyima usingizi. Nipo Kigoma, nafanya kazi upande wa mipango kwenye moja ya halmashauri za mkoa huu na sasa hivi tunaandaa mpango wa mazingira. Rasimu tuliyo nayo imejaa miti iliyopandwa, taka zilizozolewa, doria zilizofanyika ziwani, na vyote hivyo ni vya muhimu, ila hakuna ukurasa hata mmoja unaosema watu wetu wanatumia nini, kinatoka wapi, na huko kilikotoka kimeacha hali gani.

Ukipita sokoni Mwanga asubuhi tu unaona mambo yote. Mkaa wa kutoka Uvinza, mafuta ya kula ya madumu yaliyovuka bahari wakati sisi ndo wenye michikichi, saruji, mabati, mitumba, sukari, vyote vimesafiri. Afu upande wa pili dagaa na migebuka vinapakiwa kwenda Dar, Burundi na Kongo. Sasa mkoa una watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022, mtu akituuliza matumizi ya watu hawa yanabebesha mazingira mzigo kiasi gani, ndani ya mkoa na nje ya mkoa, tunamjibu nini?

Nimesoma soma kuhusu nyayo za mazingira nikaona kuna watu wanapima kwa hekta, wengine kwa hewa ukaa, wengine kwa maji. Kinachonisumbua ni kwamba nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya nchi nzima, na nchi ina forodha, kila kontena linaandikwa. Mkoa hauna forodha. Lori likitoka Kasulu kwenda Kakonko kisha Geita nani ameandika? Afu dagaa anayevuliwa hapa akaliwa Kariakoo ni mzigo wa nani, wetu au wao? Na mwisho wa siku nataka kitu ambacho kikifika baraza la madiwani kinageuka kuwa sheria ndogo au bajeti, sio ripoti ya kufungiwa kabatini. Mwenye uzoefu tafadhali.

---

Mtakwimu_Gungu amejibu:

Dada hongera kwa swali, kwenye mipango ya halmashauri hili hua halifikiriwi kabisa.

Nianze na hiyo ya hekta. Wazo lilitoka kwa William Rees na mwanafunzi wake Mathis Wackernagel chuo kikuu cha British Columbia kule Kanada miaka ya mwanzo ya 1990. Wanachukua kila unachotumia, chakula, mbao, nyama, eneo la kujenga, msitu unaohitajika kufyonza hewa ukaa ya mafuta unayochoma, wanageuza vyote kuwa eneo la ardhi na maji lenye uzalishaji wa wastani wa dunia, kisha wanalinganisha na eneo lililopo. Uzuri wake ni kwamba hata mtu ambae hajasoma anaelewa, mnatumia kuliko ardhi inavyoweza kurudisha au mko ndani ya uwezo. Wales walikifanya kipimo hiki kiwe kimojawapo cha viashiria vyao vikuu vya maendeleo endelevu kuanzia 2001, kwahiyo eneo lililo chini ya nchi linaweza kabisa kujipima, hilo lisikutishe.

Ila kwa Kigoma mimi nisingekitumia chenyewe peke yake. Duniani zaidi ya nusu ya hizo hekta ni hewa ukaa tu, kwahiyo nambari inaendeshwa na mafuta ya magari na viwanda, na mkoa kama wetu ambao watu wengi wanapika kwa kuni na kulima kwa jembe utaonekana hauna shida yoyote. Wakati shida ipo, ila ipo kwenye msitu, kwenye samaki, kwenye udongo unaoshuka milimani kuingia ziwani. Ukishajumlisha vyote kwenye nambari moja diwani wa Uvinza na diwani wa Ujiji watasoma kitu kile kile na hamna atakaejua aanzie wapi.

Njia ya pili ni ile ya majedwali ya uchumi aliyoyaasisi Wassily Leontief, yaliyompa Nobel mwaka 1973. Yanaonyesha kila sekta inanunua nini kwa sekta nyingine, ukiongeza safu ya hewa ukaa au maji au ardhi unaweza kufuata shilingi ya mlaji kurudi nyuma mpaka shambani au kiwandani. Waingereza kila mwaka wanatoa hesabu ya hewa ukaa ya matumizi yao kwa njia hii, na imewaonyesha jambo kubwa, kwamba hewa chafu inayotoka ndani ya mipaka yao imepungua sana tangu 1990 lakini ile inayotokana na wanachotumia haijapungua kwa kasi hiyo kwa sababu bidhaa nyingi sasa zinatengenezwa nje. Bila hesabu ya matumizi wangejipongeza kuliko wanavyostahili.

Sasa kwa hapa kwetu unaweza kuchukua Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) wa 2017/18, huo ulipangwa kutoa makadirio mpaka ngazi ya mkoa, ukazidisha matumizi ya kila kundi la bidhaa kwa mzigo wake. Kwa vitu vya viwandani, sabuni, nguo, saruji, simu, hiyo inatosha kabisa. Kwa mkaa, kuni, samaki na mazao ya chakula usifanye kwa shilingi, fanya kwa kilo. Mkaa una bei tofauti Kibirizi na tofauti kijijini Nguruka, na sehemu kubwa ya kuni haziuzwi kabisa, mama anaokota mwenyewe, kwenye shilingi hazionekani. Kwahiyo changanya, vizito vichache pima kwa kilo, vilivyobaki vingi kadiria kwa shilingi.

---

Mwana_Kaliua amejibu:

Nachangia kutoka huku Tabora maana swali la dagaa ni mzigo wa nani ndo swali letu la tumbaku.

Huku Kaliua, Urambo, Sikonge mkulima wa tumbaku ya mvuke anakaushia kwenye bani, moto wa kuni unawaka usiku na mchana karibia wiki nzima kwa kila mkaushio, na kwa msimu anajaza bani mara kadhaa. Kuni ni miyombo, yaani mitundu na wenzake. Ile tumbaku karibia yote inaishia nje ya nchi. Sasa mtaalam akija na hesabu ya matumizi atakwambia msitu uliokatwa Kaliua ni mzigo wa mvutaji aliyeko huko ng'ambo, watu wa Tabora wasafi. Akija mwenye hesabu ya uzalishaji atakwambia Tabora ndo waharibifu wa msitu. Wote wana haki na wote ukiwafuata peke yao watakupoteza, kwa sababu yule mvutaji hana diwani huku, na msitu ukiisha anayekosa mvua na asali ni sisi.

Ushauri wangu dada fanya majedwali mawili yasimame pamoja. Moja, mzigo wa vitu tunavyotumia popote ulipoangukia. La pili, mzigo ulioangukia ardhi na ziwa letu bila kujali nani kala. Panapokutana, yaani tunazalisha wenyewe na kutumia wenyewe kama mkaa, apo halmashauri ina nguvu zote mbili, kwa mchomaji na kwa mnunuzi, anzeni apo. Panapotoka nje kama dagaa na tumbaku nguvu yenu iko kwenye leseni, ushuru, masharti ya uvunaji na kumbana mnunuzi mkubwa alipie. Huku wanunuzi wa tumbaku wanawataka wakulima wapande miti na wajenge mabani yanayokula kuni kidogo, ni sahihi, ila mkulima ndo anabeba gharama na mche unachukua miaka kabla haujawa kuni. Kama jedwali lingeonyesha wazi kuni ngapi zimeingia kwenye kila kilo iliyosafirishwa, chama cha msingi kingekuwa na cha kushika wakati wa kujadili bei. Leo wanaenda mikono mitupu.

Na panapoingia kutoka nje, mfano mafuta ya kula, nguvu yenu ni kwenye mbadala. Nyie mna kituo cha utafiti wa kilimo TARI Kihinga apo wanatoa miche bora ya michikichi. Mchikichi unatoa mafuta mengi kwa ekari kuliko alizeti, kwahiyo ukipandwa kwenye mashamba ya zamani yaliyochoka unaondoa mzigo ulioko misitu ya Indonesia na Malaysia bila kuongeza wa kwenu. Ukipandwa kwa kufyeka msitu mpya wa Uvinza mmehamisha tu. Hapo hapo hesabuni na kuni za kuchemshia chikichi maana mawese ya kienyeji yanakamuliwa kwa moto mkubwa.

Jirani zetu wa Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vijiji vinalipwa fedha za hewa ukaa kwa kutunza msitu, wamejenga madarasa na zahanati. Walilipwa kwa sababu msitu wao ulipimwa. Mkoa usiopima hauna cha kudai.

---

MamaVipimo amejibu:

Nimeshiriki tafiti za nishati ya kupikia Kigoma mjini na Kasulu kwahiyo naongea kuhusu mkaa tu, mengine nawaachia.

Dada yangu usije ukaweka kwenye dodoso swali la "kwa mwezi mnatumia magunia mangapi". Kaya nyingi za mjini hazinunui gunia. Mama ananunua ndoo ndogo leo, kesho kopo mbili, keshokutwa mgeni kaja anaongeza fungu, mwisho wa mwezi ukimuuliza atakupa jibu ili usiondoke na aibu ila sio jibu. Na hao wanaonunua gunia, gunia lenyewe ni lumbesa, juu limefungwa majani na fito kama kofia, mawili yaliyosimama pamoja kwenye kibanda kimoja yanaweza kupishana kilo nyingi. Kinachofaa ni kwenda na mzani wa kuning'iniza, unapima mkaa uliopo ndani asubuhi, unamwachia stoo yake ndogo achote humo tu, unarudi kesho saa ile ile unapima uliobaki pamoja na ulioongezwa, unaandika na watu waliokula siku hiyo wakubwa kwa wadogo. Angalau siku tatu mfululizo, na weka na siku ya wikiendi ndani yake. Maharage ya Kasulu yanachemka saa ngapi nyie mnajua, siku ya maharage na siku ya dagaa ni matumizi mawili tofauti kabisa, ukipima siku moja umepotea.

Sasa angalia hesabu inavyofika kwa diwani. Tuseme mmepima mkapata kaya inatumia kilo 2 kwa siku, kwa mwaka ni kilo 730. Kwenye tanuri la kienyeji la udongo kilo moja ya mkaa inakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutegemea na mchomaji na ukavu wa magogo, chukua 7. Kaya moja imetumia tani 5.1 za mti kwa mwaka. Ukiipa jiko banifu linalookoa robo ya mkaa inashuka tani 3.8. Ukiacha jiko la zamani lakini mchomaji akatumia tanuri bora linalohitaji kilo 4 za kuni, inashuka tani 2.9. Ukifanya vyote, tani 2.2. Umeona? Faida kubwa zaidi ipo porini kwa mchomaji, wakati fedha za miradi mingi naona zinaishia kwenye kugawa majiko mjini. Majiko ni mazuri na moshi unaua mama zetu, siyapingi hata kidogo, ila bila kupima mpaka kwenye tanuri hamuwezi kujua kwamba mchomaji wa Uvinza anayefukia magogo mabichi ndo mtu wa kwanza wa kufundishwa.

Na gesi ihesabiwe pia. Mkakati wa taifa wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Kilo moja ya gesi kwenye jiko la kawaida inafanya kazi ya kilo nne hivi za mkaa, ikiungua inatoa hewa ukaa kilo 3 hivi. Gesi yenyewe inatoka nje ya nchi, inapanda lori mpaka huku, ila msitu unapumzika. Hiyo ndo biashara ya kuwaonyesha madiwani kwa nambari, mzigo mdogo wa nje badala ya mzigo mkubwa wa ndani.

---

BintiKibirizi amejibu:

Mungu awabariki, nimeshaanza kuchora majedwali mawili kama kaka wa Kaliua alivyosema. Mama asante sana, hiyo ya mzani nitaisimamia mwenyewe.

Nina mawili yananikwamisha bado. Kwanza hiyo forodha ya mkoa, data za vinavyoingia na kutoka nitazitoa wapi bila kuajiri watu wa kukaa kila barabara? Pili makambi ya wakimbizi, kama Nyarugusu. Utafiti wa kaya haukuingia makambini, ila ni binadamu wanapika na kula ndani ya mkoa. Nikiwaacha hesabu ya kuni ya Kasulu haitaeleweka, nikiwaweka naogopa mtu atachukua nambari na kuwanyooshea kidole.

---

Mzee_Malagarasi amejibu:

Wanangu nawasalimu. Nimetumikia maliasili miaka mingi kabla ya kustaafu, nitasema ninachokijua.

Forodha ipo binti yangu, imetawanyika tu. Geti la maliasili linaandika kila TP, yaani kibali cha kusafirisha, ya mkaa na mbao, unakoanzia na unakokwenda. Halmashauri yako yenyewe ina mashine za POS za ushuru wa mazao, kila gunia la maharage na muhogo linalotoka lina risiti, hizo ni data za bure ziko kwenye mfumo wenu wenyewe mnazitumia kujumlisha mapato tu. Mizani ya barabarani ina uzito wa malori. Reli ina karatasi za mizigo kituo cha Kigoma. Bandari ina orodha ya vinavyovuka kwenda Bujumbura na Kalemie. Maghala ya mafuta yanajua lita zilizoshushwa, na hiyo ndo rahisi kuliko zote, lita ya dizeli ikiungua ni hewa ukaa kilo 2.7 hivi na petroli 2.3, unazidisha umemaliza. Andika barua moja kupitia kwa katibu tawala wa mkoa, eleza unataka jumla kwa mwezi na sio majina ya wafanyabiashara. Ukigusa majina milango itafungwa na wana haki ya kuifunga.

Sasa udhaifu wake. TP inaandika magunia na sio kilo, na hao wenzangu wameshasema lumbesa ni nini. Tena asiye na kibali anasafiri usiku, kwa pikipiki na baiskeli, na getini haonekani. Ndo maana kipimo cha jikoni cha huyo mama ni lazima. Zidisha kilo za jikoni kwa idadi ya kaya, linganisha na kilo za getini, pengo linalobaki ni mkaa usio na kibali. Nambari hiyo peke yake inatosha kubadilisha ratiba ya doria na kuonyesha mapato yanayopotea, na diwani akisikia mapato atakusikiliza mpaka mwisho.

Jambo jingine msilisahau, mti uliokatwa haumaanishi msitu umekufa. Miyombo ina tabia ya kuchipua kwenye visiki. Ukikata ukaacha pale pasichomwe moto wala kulimwa, msitu unarudi, taratibu ila unarudi. Ukikata ukafuata na jembe au mifugo mingi, basi. Kwahiyo msihesabu kila tani ya kuni kama hasara, tafuteni ni kiasi gani kinavunwa zaidi ya ukuaji. Tathmini ya taifa ya misitu, ile NAFORMA iliyotolewa 2015, ilikuta tuna hekta milioni 48.1 za misitu na bado mahitaji ya miti yanazidi kile kinachoruhusiwa kuvunwa kwa mita za ujazo milioni 19.5 kwa mwaka. Hilo pengo ndo mzigo wenyewe. Tafuteni la Kigoma kwa mtindo huo huo, TFS, wakala wa misitu wa serikali, wana ramani na viwanja vya sampuli.

Kuhusu wakimbizi, waweke, ila wawe na safu yao. Chakula chao kikubwa kinaletwa na mashirika kutoka nje ya mkoa, kuni ni za pale pale. Mtu anayetembea kutwa kutafuta kuni ya kuivisha mgao sio wa kunyooshewa kidole. Ukionyesha safu hiyo utawapa mashirika sababu ya kuleta nishati mbadala pamoja na chakula. Nilifanya kazi maeneo yale, wenyeji na wageni walikua wanagombana kwenye msitu mmoja, na ugomvi mwingi ulikua ni kuni.

---

Kijana_wa_Buhigwe amejibu:

Naomba nipinge kidogo kwa heshima zote. Mtu wa kijijini kwetu anakula ugali wa muhogo aliolima mwenyewe, maharage, dagaa kidogo, taa ni ya sola, usafiri ni miguu. Mzigo wake kwa mazingira ni mdogo sana ukimlinganisha na mtu wa Ulaya au hata wa Masaki. Sasa kwanini tumpime huyu? Naogopa mwisho wa hii kazi ni sheria ndogo ya kumpiga faini mama muuza mkaa wa mafungu, hao ndo wanaokamatwagwa siku zote.

---

BintiKibirizi amejibu:

Kaka hofu yako naiheshimu na ndio inayonifanya nitake kupima. Sa hivi sheria ndogo zinatungwa bila kupima, na ndo maana zinamwangukia mama wa mafungu, kwa sababu yeye ndo anaonekana barabarani. Tukigawa hesabu kwa makundi, mjini na kijijini, kaya zenye kipato na zisizo nacho, pamoja na taasisi, shule za bweni, magereza, hospitali, migahawa, wachoma matofali, itaonekana wazi nani anatumia kiasi gani. Shule moja ya bweni inayopika maharage kwa kuni kila siku nadhani wote tumewahi kuona lundo la magogo nyuma ya jiko. Kubadilisha majiko ya shule kumi kunawezekana ndani ya bajeti ya mwaka mmoja. Kukimbizana na wamama elfu kumi hakuwezekani na ni dhuluma.

Na wastani wa mkoa sitauweka ukurasa wa kwanza. Wastani unamficha huyo babu wa Buhigwe na tajiri wa mjini kwenye kapu moja.

---

Mtakwimu_Gungu amejibu:

Hapo dada umepiga kwenyewe. Naongeza la ziwa maana limepita haraka. Dagaa usimhesabu kwa hekta wala kwa hewa ukaa, utapata nambari ndogo na utadanganyika, kwa sababu anavuliwa kwa taa na mtumbwi na anaanikwa juani. Mzigo wake ni je tunavua kuliko anavyozaliana. Ziwa ni moja na nchi ni nne, Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, ndo maana lilipofungwa kupumzika kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15 mwaka 2024 ilikua ni makubaliano ya wote. Kwahiyo safu ya samaki iwe na tani zilizovuliwa, tani zilizoliwa mkoani, tani zilizotoka, na pembeni hali ya samaki wenyewe kutoka TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Migebuka ya kukausha kwa moshi ndo uiongezee kuni.

Tena pima wakati ziwa limefungwa na wakati limefunguliwa. Dagaa akikosekana watu wanahamia kwenye maharage, na maharage kama mama alivyosema yanakula mkaa. Kufunga ziwa kunaweza kupandisha mkaa mjini, na kama ni hivyo basi mgao wa majiko banifu upangwe Aprili kabla ya kufungwa.

---

MamaVipimo amejibu:

Hilo la Aprili sijawahi kulifikiria na ni kweli kabisa. Ila Aprili ni masika, mkaa unalowa na kilo zinadanganya, gunia lililonyeshewa linapima zaidi. BintiKibirizi chukua sampuli ndogo ya mkaa kila kibanda, pima mbichi, kausha, pima tena, upate asilimia ya maji, uitoe kwenye hesabu. Na uende vibanda vya Mwanga na vya Ujiji vyote maana vinapokea kutoka njia tofauti. Mzani ninao mmoja mzuri nitakuazima, njoo inbox tupange.

---

BintiKibirizi amejibu:

Nakuja mama yangu, shikamoo. Mzee Malagarasi nakuja na kwako kuhusu hiyo barua, naomba unisaidie kuipitia kabla haijaenda kwa katibu tawala. Nimeamua kuanza na mkaa na kuni, mafuta ya magari, mafuta ya kula na samaki. Saruji na mitumba nitakadiria kwa shilingi kama mtakwimu alivyoelekeza. Mwenye mtu geti la Nguruka anayejua daftari za TP za miaka ya nyuma zinatunzwa wapi naomba anijulishe, nataka nizione kabla ya mwezi kuisha.